Tangi la Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na Shemeji amepigiwa makofi saa tano. Yote mawili nimeyapokea nimesimama, bila mwavuli.

Tulikusanywa wafanyakazi wote kwenye banda kubwa, mbele ya ndege yenyewe. Ni ileile ndege yetu nyembamba, ujia mmoja katikati, viti vitatu huku na vitatu kule, ambayo mashirika yamekuwa yakiinunua kwa safari za saa nne au tano. Sasa imeongezewa tangi la mafuta tumboni, nyuma ya mbawa, na itaruka kwa saa tisa bila kutua. Itavuka bahari ambazo mpaka leo zinavukwa na ndege pana peke yake. Mwenyekiti wa kampuni alieleza hayo, kisha akamwita mbele "baba wa tangi la nyuma". Shemeji akapanda jukwaani, akafunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa kama mtu aliyeonewa na sifa.

Baba wa tangi! Mimi ndiye niliyelizaa.

Naandika kwa ajili yangu mwenyewe, lakini ngoja niweke mambo wazi nisije nikazeeka nikajidanganya. Shemeji ni mume wa dada yangu, na ofisini ni mkuu wa usanifu. Miaka miwili iliyopita mama alipoanguka akawa hawezi tena kutembea, nilikaa kwa dada wiki sita kumuuguza. Mchana mama akilala, nilichora. Kila mtu alikuwa anataka kuweka masanduku ya mafuta tumboni mwa ndege, masanduku mazito yenye kuta zake. Mimi nilichora tangi lisilo na sanduku, linalofuata tumbo lenyewe la ndege kama mtoto anavyofuata tumbo la mama yake. Shemeji akaiona karatasi mezani, akasema, "Nipe nikaisome kwa utulivu." Miezi mitatu baadaye aliisoma mbele ya wakurugenzi, kwa utulivu kweli, na jina lake likiwa kwenye kona ya chini.

Nilipomfuata alisema, "Shemeji, ofisini mawazo hayana wenyewe." Mwezi uliofuata nikahamishiwa chumba cha mizani, ili, barua ilisema, "kuepuka upendeleo wa kifamilia".

Kwa hiyo sasa napima. Kila kitu kinachoingia kwenye ndege lazima kipite kwangu nijue kina uzito gani na kinakaa wapi. Mafundi wananiita Mama Mizani. Sijazaa, lakini jina limekaa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimepima viti kumi na wawili na choo kimoja.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa dada, kama kila Jumapili. Shemeji alimbeba mama kutoka kitandani hadi barazani mikononi mwake, polepole, akimwonya kila mlango: "Kichwa, mama. Miguu, mama." Mama akamwita mwanangu. Mimi niliyetoka tumboni mwake nilikuwa nimeshika mto.

Dada akaninong'oneza jikoni, "Unamwangalia mume wangu kama unataka kumng'ata."

"Nimeshiba," nikamwambia.

Jumatano, 12 Machi

Leo ni siku ya kuandikwa vizuri.

Lilikuja bomba la kupumulia la tangi la nyuma. Nikaliweka kwenye mizani: limezidi gramu mia tisa kuliko lile nililolichora. Bomba haliongezeki uzito kwa kula. Ama limekuwa nene, ama refu. Nikalipima unene: sawa. Basi ni refu. Nikashuka bandani kulitazama mahali litakapofungwa.

Tangi lolote likitoa mafuta lazima livute hewa. Kila mtu aliyewahi kumimina mafuta kwenye dumu bila kulegeza kifuniko anajua: yanatoka kidogo, yanasita, yanakata. Bomba langu lilipanda ukutani moja kwa moja, likiinama kidogo ili tone lolote la maji literemke lenyewe. Shemeji amelipitisha chini ya sakafu ili apate nafasi ya mizigo zaidi. Kwa hiyo linashuka, linapiga kona, kisha linapanda. Pale kwenye kona maji yatakaa. Na huko juu, kwenye baridi ya saa tatu na zaidi, maji ya konani yatakuwa kizibo cha barafu.

Alinakili mchoro wangu mstari kwa mstari, na mstari pekee alioubadilisha ni ule asiouelewa.

Wakaguzi wamepima ukubwa, wamepima uvujaji, wamegonga mihuri. Safari fupi za majaribio hazitaonyesha kitu, kwa sababu bomba halitapata muda wa kuganda. Litakaloonyesha ni ruko kubwa la tarehe kumi na saba Aprili, saa tisa angani, wanunuzi na waandishi wa habari wakiwa wamekaa kwenye viti vyao uwanjani.

Nilikaa ofisini nikapiga hesabu mara mbili. Tangi la nyuma likikataa kutoa, mafuta ya mbawani yanatosha kuirudisha ndege nyumbani. Hakuna atakayekufa. Itageuka tu njiani, itarudi, itatua mbele ya watu wote, na baba wa tangi ataulizwa mtoto wake ana nini.

Nikaandika uzito wa bomba kwenye daftari la mizani, nikatia sahihi. Sikusema kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kubwa. Sikusema.

Jumanne, 18 Machi

Banda limejaa, ndege imesukumwa nje. Imesimama kwenye lami, maji yanaitiririkia mgongoni. Mafundi wanalalamika. Mimi nimefungua dirisha. Hewa ni mbichi kiasi kwamba karatasi zinajikunja mezani, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoingia kwenye bomba. Sijawahi kuipenda mvua namna hii.

Jumapili, 23 Machi

Shemeji hakula vizuri. Dada anasema anaamka alfajiri anakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kazi inamla," alisema. Nikaongeza mchuzi kwenye sahani yangu.

Jumanne, 25 Machi

Ruko la pili la majaribio, saa tatu kamili angani. Kila kitu shwari. Shemeji alipeana mikono na kila mtu hadi mfagiaji. Alipofika kwangu alishika mkono wangu muda mrefu kidogo. Mkono wake ulikuwa na jasho.

Jumatatu, 31 Machi

Kapteni alikuja chumba cha mizani. Ni rubani wetu wa majaribio, mtu mkubwa, mvi kichwa kizima, anaongea taratibu kana kwamba maneno nayo yanapimwa. Kabla ya kila ruko anakuja kukaa kwenye kiti changu cha mgeni na kuuliza kila kilo iko wapi. Wengine wanasoma fomu. Yeye ananisoma mimi.

"Wanasema ndege imenenepa," alisema.

"Kilo mia moja na kumi. Tutazipunguza."

"Punguza vitabu vya wahandisi. Wanabeba kama wanahamia."

Akacheka, akaondoka. Ni mtu mmoja tu katika kampuni hii ambaye hakuwahi kumpigia Shemeji makofi mbele yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua, siku ya tisa mfululizo. Nimempelekea fundi cherehani gauni langu la bluu alipunguze kiunoni. La tarehe kumi na saba.

Jumapili, 6 Aprili

Niliposimama jikoni nikiosha vyombo Shemeji aliingia, akafunga mlango. Hajawahi kuingia jikoni nikiwa peke yangu tangu siku ile ya mchoro. Alichukua kitambaa akaanza kufuta sahani ambayo nilikwisha kuifuta.

"Shemeji," alisema, "lile bomba la kupumulia. Wewe ulilipitisha ukutani."

Nikaendelea kuosha.

"Kulikuwa na sababu?"

Alikuwa hanitazami. Alitazama sahani. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, ya mtu anayeuliza njia mji ambao amedai ni kwao. Nikaona vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, kwamba mtu huyu anaogopa, na anaogopa hasa pale panapostahili. Pili, kwamba amekiri. Wewe ulilipitisha. Amesema wewe, kwa mdomo wake, ndani ya jikoni iliyofungwa mlango.

Angelisema neno hilo miaka miwili iliyopita mbele ya watu, ningempa na bomba, na tangi, na mbawa zote mbili.

"Sikumbuki," nikamwambia. "Ni zamani."

Akaitikia kwa kichwa. Akaiweka sahani mahali pake taratibu. "Basi hakuna neno."

Nilipofika nyumbani nilicheka peke yangu hadi nikashika ubavu. Kisha nikatapika. Itakuwa ni chakula.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Gauni limerudi, limekaa vizuri sana.

Jumanne, 15 Aprili

Kapteni amekuja kwa ajili ya ruko kubwa. Tulipitia karatasi ya uzito yote: watu kumi na mmoja, yeye na msaidizi wake mbele, wahandisi tisa na mitambo yao nyuma, mapipa ya maji, manane mbele na manane nyuma, ya kuigiza uzito wa abiria, mafuta tangi kwa tangi. Akavua miwani.

"Mama Mizani, kuna chochote ambacho ningependa kukijua?"

Aliniuliza hivyo hivyo, na nimeliandika swali kama lilivyo.

"Hakuna," nikasema, nikimtazama machoni.

Akatia sahihi. Nami nikatia yangu chini yake.

Jumatano, 16 Aprili

Wamejenga hema la wageni. Viti mia mbili. Upepo umeng'oa upande mmoja, wameufunga tena kwa kamba.

Ijumaa, 18 Aprili

Jana sikuandika. Leo naandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Ndege iliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye manyunyu. Wageni hemani walikunywa chai. Sisi tulikuwa chumba cha kufuatilia, meza nne za skrini na redio katikati. Shemeji mezani kwake akiwa na tai mpya, mimi kwenye meza ya mizani, gauni la bluu. Kila kitu kilichokuwa kinatokea angani tulikiona kwa namba.

Saa tatu na nusu Kapteni alifungua tangi la nyuma. Likatoa nusu tani. Kisha namba ikasimama.

"Kituo, tangi la nyuma limeacha kutoa. Kipimo kimesimama kwenye tani tatu."

Nilifurahi. Siwezi kuandika vingine. Nilifurahi mpaka vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu. Nikageuka kumtazama Shemeji, nisipitwe na uso wake.

Uso wake haukubadilika. Aliinuka, akaweka mikono mezani, akasema, "Kipimo kinadanganya. Kilitusumbua hata wiki iliyopita. Tangi linatoa. Mwambieni aendelee na safari kama ilivyopangwa."

Hilo sikulipigia hesabu. Nilihesabu mafuta ya kugeukia, sikuhesabu kiburi cha mtu asiyeweza kugeuka. Mhandisi wa mafuta alijaribu kusema kitu. Shemeji akamwonyesha mlango wa hema kwa kidole, kule walikokaa wanunuzi, kana kwamba hilo ndilo jibu. Kapteni akaambiwa aendelee. Akasema, "Nimesikia," na akaendelea kuelekea baharini.

Nikajiambia, atageuka mwenyewe muda si mrefu, Kapteni si mjinga. Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima.

Saa tano na robo redio ikasema, "Kituo, pua inataka kupanda yenyewe. Nimeirekebisha mara tatu sasa. Mna maelezo?"

Shemeji akasema ni upepo wa huko juu. Mimi nikaitazama meza yangu ya mizani.

Kila ndege ina mahali ambapo ungeweza kuiinua kwa kidole kimoja ikatulia, isiangukie mbele wala nyuma. Kazi yangu yote, mkate wangu wote, ni kujua mahali hapo pako wapi. Na kwa siku thelathini na sita nilikuwa nimekaa na siri ya tani tatu zitakazonasa nyuma, karibu na mkia, huku mafuta ya mbawani yakipungua dakika kwa dakika, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza kidole kile kitahamia wapi. Fundi yeyote wa mizani wa wiki ya kwanza angejiuliza. Mimi nilikuwa nashughulika na gauni.

Nikavuta karatasi. Nikachora mstari wa kidole kinavyohamia. Kadiri mbawa zinavyokauka, mkia unazidi kuwa mzito. Mstari ukavuka mpaka wa hatari dakika arobaini kabla ya kutua. Baada ya hapo pua ikipanda, Kapteni hatakuwa na nguvu ya kuishusha. Ndege itakaa kitako angani na kuanguka. Watu kumi na mmoja.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Kipimo hakidanganyi," nikasema. "Bomba la kupumulia limeganda. Pale kwenye kona, chini ya sakafu. Tani tatu ziko palepale."

Chumba kizima kikanigeukia. Shemeji akasema, "Umejuaje?"

"Nipe redio."

"Nimekuuliza, umejuaje?"

"Nipe redio, nitakung'ata kweli."

Sijui nilimnyang'anya au aliniachia. Nikabonyeza kitufe. "Kapteni, ni mimi, Mama Mizani. Geuka sasa hivi. Mafuta ya nyuma yamenasa, na yanakulemea mkia. Mwambie mhandisi wa maji asukume maji yote ya mapipa ya nyuma yaende ya mbele. Pampu zitachukua dakika hamsini. Wahandisi wote wahamie mbele, wakae sakafuni nyuma ya mlango wako, na kila kisichofungwa kwa skrubu waje nacho. Kasi ya kutua nitakupa baadaye. Itakuwa kubwa kuliko ulivyozoea."

Nikasikia mvua juu ya bati.

"Una hakika tangi limenasa?" aliuliza.

"Nina hakika."

Yule mtu anajua kupima. Nadhani alimaliza kupima palepale.

"Sawa," alisema.

Saa tatu zilizofuata nilihesabu kwa sauti. Kila dakika kumi walinisomea maji, nami niliwapa mahali pa kidole. Nusu saa ya mwisho tulikuwa ukingoni kabisa. Mhandisi wa mafuta alikuwa ananishikia karatasi. Shemeji alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, tai mkononi. Hakuna aliyemtazama, hata mimi. Siku niliyoingojea kwa wiki tano nzima, na sikupata nafasi ya kuitazama.

Walitua saa nane na dakika arobaini, kwa kasi, maji yakiruka pande zote mbili za lami hadi ndege ikapotea machoni, kisha ikatokea upande wa pili imesimama. Wageni hemani walipiga makofi. Walidhani ndivyo inavyotua.

Kapteni alishuka wa mwisho. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, gauni limelowa limenigandia. Alisimama mbele yangu.

"Nilikuuliza," alisema.

Kisha akapita.

Jumatatu, 21 Aprili

Uchunguzi umeanzishwa. Jana sikwenda kwa dada.

Jumamosi, 26 Aprili

Dada kaja kwangu, amesimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika. Hakutaka kukaa.

"Mume wangu hali, halali. Mmegombania nini nyinyi wawili hadi mtake kuua watu?"

Nikamwambia la mchoro, tangu mwanzo. Hakujua. Miaka miwili analala kitanda kimoja na mtu huyo, na hakujua. Alisikiliza hadi mwisho, maji ya mwavuli yakifanya kidimbwi miguuni pake.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Siku ileile. Ningemvua hilo koti mbele ya mama."

Hilo nalo sikulihesabu.

Jumanne, 29 Aprili

Chumba cha mikutano, watu watatu wa mamlaka ya anga na Mwenyekiti wa kampuni. Kapteni kwenye kiti cha mwisho, mikono imekunjwa.

Walianza na Shemeji. Swali lilikuwa moja: fundi wa mizani alijuaje kilichoganda ndani ya bomba lililofunikwa na sakafu? Shemeji akasimama. Amekonda. Akasema kwa sauti safi kabisa:

"Alinionya. Aliliona bomba alipolipima, akanifuata akanieleza hatari yake. Mimi nikapuuza. Mchoro ni wangu, kosa ni langu peke yangu. Naomba yeye asiguswe."

Watu wakanitazama kwa huruma. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa heshima fulani. Nikaona jinsi ambavyo ingekwenda: mimi shujaa niliyeonya na kuokoa watu kumi na mmoja, yeye mkubwa aliyekosea na kukubali kiungwana. Dada angepumua, na kazi yangu ningebaki nayo, pengine na chumba kikubwa zaidi.

Na nikasikia lile neno lililopenya katikati kama mwizi katikati ya waombolezaji. Mchoro ni wangu. Alikuwa radhi kuitwa mzembe, radhi kufukuzwa, ili mradi asiitwe mwizi. Ameniibia mara ya pili, na safari hii amenifungia kwa karatasi ya zawadi.

Au alikuwa ananiokoa. Nimelifikiria hilo, sikukataa kulifikiria. Lakini kama alitaka kuniokoa, angeweza kuniokoa bila lile neno.

"Anasema uongo," nikasema.

Nikasimama. "Sikumwonya. Nililiona bomba tarehe kumi na mbili Machi, nikanyamaza makusudi, kwa sababu nilitaka aumbuke. Tarehe sita Aprili yeye mwenyewe aliniuliza kwa nini bomba lilipita ukutani. Muulizeni kwa nini aniulize mimi. Aliniuliza kwa sababu mchoro ni wangu, tangi ni langu, na hakuwahi kulielewa. Nikamjibu sikumbuki. Tarehe kumi na tano Kapteni aliniuliza kama kuna kitu anachopaswa kukijua. Nikasema hakuna."



"Ni kweli?" Mwenyekiti alimwuliza Shemeji. "Ulimwuliza?"

Shemeji alifungua mdomo. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza sikuona mkuu wa usanifu wala mume wa dada, niliona mtu aliyechoka kubeba kitu kisicho chake.

"Nilimwuliza," alisema. "Ni wake."

Maneno mawili. Nimeyangoja miaka miwili. Yalikuwa matamu, ndiyo. Utamu wake ulidumu hadi nilipomtazama Kapteni.

Ijumaa, 2 Mei

Tumefukuzwa wote wawili, barua za siku moja. Nimezuiwa kufanya kazi ya ndege maisha.

Ijumaa, 9 Mei

Mjumbe kaja na bahasha nyingine. Wanarudisha bomba ukutani, na mamlaka haikubali mchoro ubadilishwe bila sahihi ya aliyeuchora. Nilitia sahihi nimesimama mlangoni, juu ya mgongo wa mjumbe kwa sababu sikutaka aingie aone sijafagia. Kona ya chini, jina langu, herufi kubwa. Akaniuliza kama nina kalamu nyingine, hiyo inavuja. Nikamwambia hiyohiyo.

Jumatano, 14 Mei

Nilimwandikia Kapteni. Kurasa nne, nikazipunguza hadi mbili, hadi mistari mitatu. Nimeituma.

Jumatano, 21 Mei

Hajajibu. Mvua imepungua, inanyesha dakika tano inakoma.

Jumapili, 25 Mei

Kwa dada. Siku ya kwanza kavu kabisa. Dada alipika, akatupatia sahani bila kutuangalia, mimi na mumewe sawasawa, kama wafungwa wawili wa seli moja. Shemeji kambeba mama barazani. "Kichwa, mama. Miguu, mama." Hilo bado analifanya vizuri kuliko mimi.

Redio ilikuwa imewashwa. Wakatangaza kwamba jana ndege mpya ya masafa marefu imekaa angani saa tisa na dakika hamsini, tangi la nyuma limetoa hadi tone la mwisho. Wakamweka Kapteni hewani. Mwandishi akamwuliza nani mwenye ubunifu huu mkubwa.

"Aliyechora ni mwanamke mmoja," Kapteni alisema, taratibu kama kawaida yake. "Sitakaa naye meza moja tena maishani mwangu. Lakini tangi ni lake, na linapumua vizuri."

Dada alisimama na bakuli mkononi. Shemeji alikuwa anamwekea mama mto mgongoni. Mikono yake ikaganda.

"Wanamsema nani?" mama akauliza.

Nilikunja mikono, nikamtazama Shemeji. Nilikuwa na nafasi ya siku nzima.

"Binti yako, mama," alisema hatimaye. "Huyu hapa."

"Amefanya nini?"

"Mwulize mwenyewe."

Mama akanigeuzia uso. Nikavuta kiti karibu na magoti yake, nikaanza kumweleza yote, na siri, na gauni, na Kapteni alivyoniuliza, na nilivyomjibu. Haikuwa rahisi kuyasema huku ananishika mkono. Shemeji hakuondoka, alikaa kwenye ngazi ya baraza, mgongo kwetu, akisikiliza.

Nilipofika kwenye mchoro, nilipandisha sauti kidogo.